Binti wa Updown: tulisoma rangi, tukaiacha ramani

Mwezi Agosti 2025 jarida la akiolojia la Antiquity lilichapisha taarifa mbili za vinasaba ambazo zilizungumzwa zaidi kuliko zilivyosomwa. Ya kwanza ilimhusu binti mdogo aliyezikwa mwanzoni mwa karne ya 7 katika makaburi ya Updown, karibu na kijiji cha Eastry, mashariki mwa Kent, jimbo la pembe ya kusini-mashariki ya England. Ya pili ilimhusu kijana wa kiume aliyezikwa karne hiyohiyo huko Worth Matravers, pwani ya Dorset, kusini mwa England. Kukeni, wote wawili ni watu wa Ulaya ya kaskazini. Kuumeni, wote wawili wana asili inayofanana na ya watu wa Afrika Magharibi wa leo, kama Wayoruba, Waesan, Wamende na Wamandinka, kwa kiasi cha mtu aliyekuwa na babu au bibi mmoja wa kutoka huko. Habari hiyo ilinifikia kwenye simu mara nne ndani ya siku mbili. Mara ya mwisho ilikuja na picha ya msichana mwenye taji la dhahabu, na chini yake maneno "Malkia Mwafrika aliyeitawala Uingereza". Aliyenitumia ni shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Nilimjibu kwamba yule hakuwa malkia, na kwamba habari yake halisi inanivutia kuliko lile taji. Makala haya ndiyo jibu refu nililomwahidi.

Naamini binti wa Updown amesomwa vibaya na pande zote zinazomgombania, kwa sababu kila upande umeanzia kwenye ngozi yake. Tukianzia kwenye ardhi aliyolazwa, mambo yanakaa sawa. Kent ni nchi ambayo maumbile yake yaliielekeza baharini maelfu ya miaka kabla hapajakuwa na kitu kinachoitwa England. Watu wake walikuwa karibu zaidi na ng'ambo ya maji kuliko na majirani zao wa nchi kavu, na waliokuja kutoka mbali walifikia hapo kwanza. Mtoto mwenye mzazi wa mzazi kutoka mbali sana alizaliwa mahali ambapo mtu anayeijua ramani angemtafuta kwanza. Hilo halimfanyi kuwa jambo la kawaida, maana watu kama yeye walikuwa wachache mno. Ila linamtoa kwenye miujiza na kumrudisha kwenye historia ya watu, ambako sababu zinaweza kufuatiliwa.

Tuanze na umbali. Kutoka Dover hadi pwani ya Ufaransa ni kilomita 33, karibu sawa na mkondo unaoitenga Unguja na bara. Siku ya anga safi, majabali meupe ya Dover na yale ya ng'ambo yanaonana kwa macho, na mwamba ni uleule wa chaki: zamani sana ulikuwepo mgongo wa ardhi uliounganisha pande hizo mbili, kabla mafuriko makubwa ya enzi za barafu hayajaukata. Sasa ipe bahari mgongo, utazame bara. Vilima vya chaki vya North Downs vinaanzia Dover na kuelekea magharibi. Kusini mwake kuna Weald, bonde la udongo mfinyanzi mzito lililokuwa msitu mkubwa, ambao wenyeji wa kale waliuita Andredesweald. Mvua zikinyesha udongo huo ulinasa magurudumu na kwato vilevile. Kusini zaidi kuna vinamasi vya Romney, na kaskazini kuna mdomo wa mto Thames. Njia moja tu ya nchi kavu ndiyo ilikuwa ya kutegemewa, ile ambayo Warumi waliitengeneza kutoka bandarini kupitia Canterbury hadi London. Mtu wa Kent ya mashariki mwenye chombo na upepo mzuri aliweza kufika Gaul, yaani Ufaransa ya kale, katika muda ambao mwenzake mwenye mkokoteni hajautoka msitu.

Halafu kuna mkondo wa maji ulioitwa Wantsum, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana mtu anayeitazama ramani ya leo haioni. Leo ukienda Thanet, pembe ya mwisho ya Kent upande wa kaskazini-mashariki, unakatiza mashamba tambarare yenye mifereji ya kutolea maji. Karne ya 7 hapo palikuwa maji ya chumvi, na Thanet ilikuwa kisiwa. Mtawa Bede, aliyeandika historia yake mwaka 731, anasema kisiwa hicho kilikuwa na kaya 600, na kwamba Wantsum ilikuwa na upana ambao kwa vipimo vyetu ni kama mita 600, ikivukika kwa miguu sehemu mbili tu. Chombo kilichotoka ng'ambo kwenda London hakikulazimika kuizunguka rasi ya nje yenye mawimbi. Kiliingia Wantsum kwa mlango wa kusini, kikapita kwenye maji matulivu, kikatokea kaskazini kwenye mdomo wa Thames. Warumi walijenga ngome katika milango yote miwili, Richborough kusini na Reculver kaskazini. Mchanga na tope vimeufukia mkondo huo taratibu, na leo magofu ya Richborough yamezungukwa na malisho, kilomita kadhaa kutoka baharini. Eastry iko mwendo mfupi kusini mwa mlango ule wa kusini, kando ya barabara ya Kirumi iliyoiunganisha Richborough na Dover. Jina lake lina maana ya wilaya ya mashariki, na palikuwa mahali pa wafalme wa Kent. Kwa hiyo kijiji kinachotajwa kwenye habari kana kwamba ni shamba la kando, wakati wa binti yule kilikuwa jirani wa mojawapo ya njia za maji zilizopitwa sana kaskazini mwa Ulaya.

Njia hiyo ni ya kale kuliko Warumi. Mwaka 1992 wachimba barabara mjini Dover walikuta mashua ya enzi za shaba, yenye umri wa takribani miaka 3,500, ya mbao za mwaloni zilizoshonwa kwa vitawi vilivyosokotwa, bila msumari hata mmoja. Msomaji wa Lamu ataikumbuka mitepe ya kwao, iliyoshonwa kwa kamba za nazi. Kwenye makaburi ya Cliffs End, kisiwani Thanet, kemikali zilizohifadhiwa ndani ya meno zinaonyesha kwamba baadhi ya watu waliozikwa pale enzi za shaba na chuma walikulia Skandinavia, na wengine nchi za joto upande wa Mediterania. Julius Caesar, aliyetua pwani hii mwaka 55 na tena 54 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kati ya watu wote wa kisiwa kile, wa Kent ndio wastaarabu kuliko wote, na kwamba desturi zao hazitofautiani sana na za Gaul. Hayo ni maneno ya mvamizi, lakini aliona vizuri. Warumi waliporudi mwaka 43 kuitwaa nchi, Richborough ikawa lango lao, na baadaye wakasimamisha pale tao kubwa lililovikwa marumaru kutoka Carrara, Italia, ili kila anayetua ajue anaingia wapi.

Baada ya utawala wa Kirumi kuanguka mwanzoni mwa karne ya 5, wakaja watu wa kaskazini. Bede anawaita waliokaa Kent kuwa ni Wajuti, na anaiweka safari ya viongozi wao, Hengist na Horsa, kwenye mwaka 449. Majina hayo mawili yana harufu ya hekaya, ila uhamiaji wenyewe haubishaniwi tena: utafiti mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watu wa mashariki na kusini mwa England katika karne zile walipata hadi asilimia 76 ya nasaba yao kutoka ng'ambo, katika nchi ambazo leo ni Ujerumani ya kaskazini, Denmark na Uholanzi. Kitu kinachonigusa zaidi ni jina. Wasaksoni walipotulia, waliziita nchi zao kwa jina lao wenyewe: Essex ni Wasaksoni wa mashariki, Sussex ni wa kusini, Wessex ni wa magharibi. Waliofika Kent hawakufanya hivyo. Walilichukua jina walilolikuta, lile ambalo mabaharia wa Kigiriki walikuwa wamelisikia karne ya 4 kabla ya Kristo, wakajiita Cantware, watu wa Kent, na mji wao mkuu ukawa Cantwaraburh, yaani boma la watu wa Kent, Canterbury ya leo. Mgeni alikuwa akilibeba jina la ardhi. Hata majina ya vijiji yanahifadhi mwendo huo wa kukaa na kuzoea: Tenterden, ndani kabisa ya Weald, maana yake ni malisho ya nguruwe ya watu wa Thanet. Kila mwaka watu wa kisiwani waliwaswaga nguruwe wao mwendo wa siku kadhaa hadi msituni wale matunda ya mwaloni, na njia zile za nguruwe bado zinaonekana kwenye mpangilio wa barabara za Kent.

Tufike sasa kwenye kizazi cha babu na bibi wa binti yetu, yaani katikati ya karne ya 6. Mwaka 533 na 534 majeshi ya Kaizari Justinian yaliirudisha Afrika Kaskazini chini ya Konstantinopoli, na bandari za Carthage zikaungana tena na biashara ya mashariki. Dhahabu na watu vilivuka Sahara. Huku kaskazini, ukoo wa kifalme wa Kent ulikuwa umejifunga na Wafaranki, watawala wa Gaul. Mfalme Æthelberht alimwoa Bertha, binti wa mfalme aliyetawala Paris, naye alikuja na askofu wake na kusali katika kanisa la Mtakatifu Martin, nje ya Canterbury, ambalo linatumika kwa ibada hadi leo. Ni kwa sababu ya ndoa hiyo na ukaribu huo kwamba Augustine, aliyetumwa na Papa Gregory, alitua Thanet mwaka 597 na si kwingineko. Makaburi ya Kent ya wakati huo yamejaa bidhaa za mbali: mabakuli ya shaba kutoka mashariki ya Mediterania, mabizimu ya dhahabu yaliyopambwa kwa garneti, vito vyekundu, ambazo nyingine zilitoka India na Sri Lanka, na simbi kubwa zenye madoa ambazo konokono wake huishi katika Bahari ya Shamu. Kaskazini zaidi, Lincolnshire, pete za kushikilia mifuko ya wanawake zilizopimwa hivi karibuni zimethibitika kuwa za pembe za ndovu wa Afrika. Mwanamke wa kijijini alizikwa kando ya bahari ya kaskazini akiwa na kipande cha ndovu wa Afrika kiunoni, na kwa miaka mingi hakuna aliyepiga kelele. Vitu vilipokuwa ndivyo vinavyosafiri, tulikubali bila shida. Aliposafiri mtu, ndipo ubishi ukaanza.

Na watu walisafiri kwa ushahidi wa maandishi. Mwaka 670, miongo michache tu baada ya binti yule kuzikwa, alifika Canterbury abati mmoja aliyeitwa Hadrian. Bede anamtaja waziwazi kuwa ni Mwafrika kwa asili. Papa Vitalian alitaka kumfanya askofu mkuu wa Canterbury. Hadrian akakataa, akampendekeza Theodore, Mgiriki wa Tarso, kisha akatumwa amfuate. Wawili hao walianzisha shule ambayo Bede anasema wanafunzi wake waliokuwa hai katika siku zake walizijua Kilatini na Kigiriki kama lugha yao ya kuzaliwa. Hadrian alifundisha Kent karibu miaka 40. Nalazimika kuongeza jambo ambalo shemeji yangu hatalipenda: Hadrian alikuwa mtu wa Afrika Kaskazini, wa ulimwengu wa Kigiriki na Kilatini, na Bede hakuona haja ya kusema lolote juu ya rangi yake. Si sahihi kumfunga fungu moja na babu wa binti wa Updown kana kwamba Afrika ni kijiji. Kinachowaunganisha ni bandari waliyofikia wao au watoto wao.

Tuzipime hoja. Iliyo dhaifu kuliko zote, na iliyopigiwa kelele kuliko zote, ni ile inayodai kwamba matokeo haya yamepikwa ili kuwaridhisha watu wa siasa za leo. Wanaosema hivyo wanasahau kwamba binti wa Updown hakuzuka mwaka 2025. Alikuwamo tayari katika ule utafiti wa 2022, utafiti uleule uliopata asilimia 76 na kuthibitisha uhamiaji mkubwa kutoka Ujerumani na Denmark. Matokeo hayo ya uhamiaji yalishangiliwa na watu wengi wanaoipenda England ya Kianglo-Saksoni, yaani ile ya Wasaksoni na wenzao wa kaskazini. Maabara ni ileile, njia ya kupima ni ileile, na makaburi ni yaleyale. Huwezi kuupokea ukurasa unaokusifia babu yako na kuuchana unaofuata. Isitoshe, taarifa ya Dorset iliandikwa na kundi jingine la watafiti, kwa mifupa mingine. Na Duncan Sayer, anayeongoza utafiti wa Updown, ni mwanaakiolojia ambaye kazi yake ya muda mrefu ni makaburi ya Waanglo-Saksoni. Mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuyatia shaka makaburi anayoyaishi.

Hoja ya upande wa pili, ile ya taji, inatoka kwenye kiu ninayoielewa. Tumefundishwa historia ya Ulaya kwa miaka mingi kana kwamba Afrika ilianza kuwepo meli za Kireno zilipotokea. Ila kiu haibadilishi hesabu. Tunao watu wawili, katika makaburi mawili, miongoni mwa mamia waliopimwa. Binti mwenyewe alilazwa na vitu vya desturi ya mahali pale: chungu kilichopambwa ambacho huenda kilitoka kwa Wafaranki, kisu, kitana cha mfupa na kijiko. Alizikwa katika makaburi wanamolala jamaa zake wa upande wa mama. Alikuwa mtoto wa Kent, akazikwa na watu wake kama mtoto wa Kent. Ukimvika taji la kigeni unamnyang'anya kile ambacho kaburi lake linakisema kwa uwazi mkubwa, kwamba alikuwa na ukoo.

Hoja nzito ni ya tatu, nayo inatolewa na watu makini: je, babu au bibi yule hakufika kama mtumwa? Siwezi kuitupa. Kent ya karne ya 7 ilikuwa na watumwa, na sheria za Æthelberht, ambazo ndizo za kale kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiingereza, zinawataja kwa bei. Anayelala na msichana wa mfalme alilipa shilingi 50, akiwa ni mjakazi wa kusaga unga ni 25, na wa daraja la tatu ni 12. Soma mstari huo taratibu na utamwona mwanamke aliyeinama kwenye jiwe la kusagia, aliyepangiwa thamani kabla hajadhulumiwa. Wala mifupa ya mjukuu haituambii aliyetoka mbali alikuwa mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ile picha inayosambaa ya babu mfanyabiashara mwenye kilemba ni ubunifu mtupu. Hata hivyo wanaotoa hoja ya utumwa mara nyingi wanachukulia kwamba mtu wa Afrika Magharibi katika Uingereza ya kale lazima awe mtumwa, na hapo wanairudisha karne ya 18 ndani ya karne ya 6. Ushahidi wa wakati ule unaonyesha watumwa wakitoka Uingereza kuelekea kusini. Mwaka 595 Papa Gregory aliandika barua kwa wakala wake huko Gaul akimwagiza atumie fedha za kanisa kununua vijana wa Kiingereza wa miaka 17 au 18 ili wakalelewe kwenye monasteri. Bede anasimulia jinsi Gregory alivyowaona wavulana weupe wa Kiingereza wakiuzwa sokoni Roma. Balthild, mwanamke wa Kiingereza aliyeuzwa Gaul, aliishia kuolewa na mfalme Clovis wa 2 na kuwa malkia wa Wafaranki. Rangi haikuwa alama ya utumwa katika dunia hiyo, na wala utumwa haukuwa lazima udumu hadi kwa wajukuu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kufikia kizazi cha binti huyu, hakuna kitu kaburini kinachomtenga na wenzake.

Kuna pingamizi dhidi ya hoja yangu mwenyewe, na lina nguvu. Kama Kent ndiyo sababu, yule kijana wa Worth Matravers anafanya nini Dorset, kilomita nyingi magharibi, katika eneo ambalo bado lilikuwa na desturi za Waingereza wa asili kuliko za Waanglo-Saksoni? Kukeni yeye ni wa watu hao hasa, na alizikwa kaburi moja na mwanamume mwingine asiye ndugu yake, akiwa na nanga ya jiwe. Nakiri kwamba Dorset inanilazimisha kuipanua hoja. Kulikuwa na njia mbili za bahari: moja kupitia Gaul hadi Kent, na nyingine ya magharibi, iliyopita Hispania na kuambaa hadi Cornwall, ambako ngome ya Tintagel imetoa vigae vya vyombo kutoka Uturuki ya leo na Afrika Kaskazini vya karne ya 5 na 6. Wote wawili wamepatikana karibu na maji, na mmoja wao kaburini mwake mna nanga. Kwa hiyo nasema Kent ni mfano ulio wazi zaidi wa kanuni ya pwani, bila kudai kuwa ni mfano wa pekee. Kile ambacho Kent inacho na Dorset haina ni wingi wa ushahidi mwingine unaoeleza mwelekeo wake, kuanzia mashua ya Dover hadi shule ya Hadrian.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulipewa somo hili mwaka 2023, jarida la Nature lilipochapisha vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Kukeni asili ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiafrika. Kuumeni wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Nakumbuka tulivyobishana. Waliojiita Washirazi walishangilia, wengine wakaona wamenyang'anywa Kilwa yao. Lakini Kilwa ilijengwa mahali ilipo kwa sababu ya bandari ya kina na pepo za kaskazi na kusi, na lugha iliyozungumzwa humo ilikuwa ya Kibantu. Waliokuja waliingia kwenye mji, wakaoa, wajukuu wao wakawa watu wa mji. Tofauti na Kent ni kubwa mno kwa idadi: kwetu kuchanganyika kuliunda tabaka zima, kule tuna mtoto mmoja. Namna ya kusoma ndiyo ileile. Mtu anayeijua pwani hashangai kusikia kwamba babu wa fulani alitoka ng'ambo. Anauliza alikuja kwa upepo gani na akapokewa na ukoo gani.

Habari hii isingezua ghasia kama isingehusu Kent. Ufukwe uleule wa Dover ndio mashua ndogo za wahamiaji zinakofikia sasa, na mwaka 2022 pekee walivuka zaidi ya watu 45,000. Kwa hiyo binti wa karne ya 7 amegeuzwa kuwa kura. Wanaotaka mipaka ilegezwe wanamnyanyua kusema Waafrika walikuwepo tangu zamani, wanaotaka ifungwe wanamkana. Wote wanambebesha mzigo asioweza kuubeba. Uwepo wake hauthibitishi kwamba serikali ya leo impokee nani, kama ambavyo uwepo wa Hengist hauthibitishi kwamba imzuie nani. Anachokigusa kweli ni dai moja mahususi, lile la kwamba iliwahi kuwepo England ya mwanzo iliyofungwa, ya damu moja, ambayo baadaye ilivurugwa na wageni. Dai hilo lilikuwa limeshaanguka kwa utafiti wa 2022 hata bila yeye, maana watu walewale wanaoitwa wenyeji walikuwa robo tatu wageni. Na Kent ndiyo jimbo linaloliangusha kwa urahisi zaidi, kwa sababu hapo ndipo wageni walipolichukua jina la wenyeji na kulitunza.

Kazi iliyobaki iko ardhini na kwenye makabati ya makumbusho. Makaburi mengi ya Kent yalifukuliwa karne ya 18 na 19 na watu waliotafuta vito. Kasisi Bryan Faussett alifukua zaidi ya makaburi 700, na mwaka 1771 akapata huko Kingston, karibu na Canterbury, bizimu la dhahabu na garneti ambalo sasa liko Liverpool, baada ya British Museum kukataa kuununua mkusanyo wake. Mifupa katika siku hizo haikuhesabika kuwa hazina. Ningependa watafiti waanzie kingo za Wantsum: Sarre, ambako hati za karne ya 8 zinataja ushuru wa meli na ambako kuna makaburi makubwa ya karne ya 6 na 7, kisha Fordwich, bandari ya Canterbury, kisha vijiji vya nyuma ya Richborough. Popote palipohifadhiwa jino moja, lipimwe, wapimwe na majirani zake wote, walio wa kawaida na wasio wa kawaida, ili tuijue bandari nzima iliyompokea babu au bibi yule, na majina ya vyombo vyake yakipatikana, bora zaidi. Shemeji yangu amenijibu kwamba atawachorea wanafunzi wake Wantsum ubaoni, na ameniuliza kama ngome ya Reculver ilikuwa kulia au kushoto. Nimemwambia: ukiwa umetoka Gaul na umeshapita Richborough, endelea hadi maji yafunguke, utaikuta upande wako wa kushoto.